Jogoo wa Rangi ya Majivu

Nzi wa Wakoli walizama. Hiyo ndiyo shida iliyomla roho miaka nenda miaka rudi, na usimwambie ati ni jambo dogo. Mtu anaketi kwenye chumba chake cha kupanga mjini Kitale, Jumamosi nzima, ndoano ndogo imebanwa kwenye jiliwa aliloundiwa na fundi wa jua kali. Anazungusha uzi, anazungusha unyoya, anakata, anapaka gundi, mpaka anatokea nzi wa bandia wa chambo, kidudu ambacho hata mjusi wa ukutani anakikodolea macho. Kisha anakipeleka juu ya Saboti, kwenye maji baridi yanayoshuka Mlima Elgon, anakirusha palipo na samaki aina ya trauti, nacho kinashuka chini kama tonge la ugali. Trauti wa kule anataka nzi aliyesimama juu ya maji. Aliyezama hana habari naye.

Kimaiyo, rafiki yake wa Saboti, alikuwa na dawa ya shida hiyo: minyoo. "Bana, wewe unataka samaki ama unataka kushona?" alimuuliza kila mara, huku akivuta samaki wake wa pili au wa tatu. Wakoli alitaka samaki, lakini alitaka aje kwa nzi aliyemtengeneza kwa mikono yake mwenyewe. Mmoja tu. Hakuwahi kumpata, na macho yalikuwa yameanza kumwacha. Siku hizi kuona uzi ulipoishia kulimtoa jasho, na daktari wa macho alikuwa ameshamwambia kwa upole kwamba asitarajie afadhali.

Kosa lilikuwa la manyoya, na alilijua. Unyoya wa kumfanya nzi aelee hutoka shingoni mwa jogoo aliyekomaa, uwe mkavu na mgumu. Lakini kuku wote wa sokoni, na wa mahoteli alikokwenda kuomba takataka, walikuwa wamechovywa kwenye maji moto ili wanyonyoke upesi. Unyoya ukishapita maji moto umekwisha: unalegea, na ukitiwa mtoni unakunywa maji. Aliwahi kuwaeleza akina mama wa kuku pale sokoni wamnyonyolee mmoja akiwa mkavu. Walimtazama, wakatazamana, na mmoja akamuuliza kama amepewa masharti na mganga. Tangu siku hiyo akawa haelezi mtu.

Ndiyo maana alipomwona yule jogoo kwa mamake, kule Myanga, hakueleza pia. Alikuwa kijogoo bado, wa rangi ya majivu, rangi aliyokuwa ameitafuta kila mahali akaikosa. Lakini angeanzaje? Mwanamume wa umri wake, mwenye wajukuu, amwambie mamake, Mama Nabwile, kwamba anataka kumvisha mdudu nguo za kuku? Alisema tu, "Mayi, huyu jogoo asiguswe na mtu. Mwache akomae." Na kila Jumapili baada ya kanisa alipiga simu, akauliza habari za mvua, za mahindi, na za jogoo.

"Yuko," mamake alimjibu. "Anakura kunishinda."

Mwaka ukapita na zaidi. Jogoo akakomaa. Wakoli akamwomba Kimaiyo waandamane hadi Myanga, akaone kwa macho yake kitu kitakachomfunga mdomo. Walifika asubuhi, wakamwona jogoo akitamba uani, shingo imemwagika manyoya membamba yanayong'aa. Wakanywa chai. Kisha Mama Nabwile akawafukuza kwa utani: waende kwanza wakamsalimie ami wa Wakoli, wamwachie jiko lake. Ami alikuwa na maneno mengi. Waliporudi, ugali wa wimbi ulikuwa mezani, umefunikwa, na harufu ya mchuzi ilimpokea Wakoli mlangoni. Alijua kabla ya kuambiwa.

Akazunguka nyuma ya jikoni. Beseni lilikuwa pale, bado linatoa mvuke, na ndani yake manyoya ya rangi ya majivu yameshikana mabongemabonge. Alichota konzi moja akaikamua, maji yakamtiririka mpaka kiwikoni. Hasira zilimpanda, akakosa wa kumkasirikia.

"Baba, kujeni mkure!" mamake aliita.

Ndani alikuwa anampakulia Kimaiyo firigisi, kipande cha mgeni wa heshima, na uso wake umejaa furaha. "Huyu jogoo nimeteseka naye," alimwambia mgeni. "Pasta alikuja, nikampikia mboga. Dada yangu alitoka Kimilili, nikachinja kuku wa mayai, akasema siku hizi nimekuwa mchoyo. Krismasi watu walitaka kununua, nikakataa. Wakoli alisema asiguswe. Nikajua kuna mgeni mkubwa anakuja."

Kimaiyo alitafuna firigisi polepole, macho kwenye sahani. Mzaha wote ulikuwa umemtoka. Wakoli naye alikula. Nyama ilikuwa tamu, na hilo lilimkera zaidi.

Baada ya chakula mamake alimkuta amechuchumaa kando ya beseni, anatandaza manyoya juani, moja moja.

"Wacha hiyo takataka, nitamwaga mimi."

Hapo uvumilivu ukamwisha. Akatoa kikopo mfukoni, akamwekea nzi mmoja kiganjani, akamwambia yote, haraka haraka na kwa ukali ambao hakuwa ameukusudia: trauti, mto, shingo ya jogoo, maji moto. Mama Nabwile alimsogeza yule nzi karibu na macho, akamgeuza huku na huku, akampuliza. Hakucheka.

"Ni wewe umetengeneza hii?"

"Ni mimi."

"Na ulikuwa unataka manyoya. Si nyama."

"Manyoya tu, Mayi. Ya shingo."

Mama Nabwile alitazama beseni, akamtazama mwanawe.

"Si ungeniambia tu, baba," alisema. "Ningemnyonyoa bila maji."