Umbali wa Kidole Kimoja

Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha jiografia Garsen sikuwa na ndugu wala rafiki pale. Jioni wanafunzi walirudi makwao wakizungumza Kipokomo na Kiorma, nami nikabaki na ramani ya kitambaa iliyotundikwa ukutani.

Mvua zikanyesha, mto Tana ukafurika, njia ya Kipini ikafungwa. Wiki ile ile dada yangu alikuwa akiolewa nyumbani, huko huko Kipini.

Somo letu lilikuwa umbali. Niliweka kidole kwenye ramani, kikafunika Garsen na Kipini pamoja. Msichana mmoja aliyesikia habari za harusi ya dada akauliza, "Mwalimu, kumbe kwenu ni hapo tu! Mbona hukwenda harusini?"

"Ramani inapima ardhi," nikamjibu. "Kuna na umbali wa safari, na huo hubadilika njia ikiharibika." Nilieleza vizuri, kisha nikakiondoa kidole kwenye ramani. Nikawaambia wachore mto.

Maji yalipopungua nilikwenda. Dada alikuwa ameshachukuliwa na mumewe, wamehamia Lamu. Chumba chake kilikuwa kimefagiliwa, na kitanda kimevuliwa shuka. Mama akanitolea halua aliyoniwekea, nayo imekwisha kuwa ngumu.

"Hata akipakwa hina alikuwa akiuliza, 'Kaka hajafika?'" mama akaniambia.

"Ni maji, mama."

"Najua ni maji, mwanangu. Kula."

Nikaila yote, nimegeukia ukutani asinione uso.