Kaptura ya Irungu

Mafundi wote wa Kitengela walishona kwa miguu, isipokuwa Ndulu. Miguu yake ililala akiwa na miaka minne, kule Mbooni, mwaka ambao polio ilipita kijijini ikachagua watoto ilivyotaka. Cherehani yake ilikuwa ya mkono: wa kulia unazungusha gurudumu, wa kushoto unaongoza kitambaa. Watu walisimama mlangoni wakamtazama, wakasema "hujafa hujaumbika," wakatikisa vichwa, kisha wakapeleka suruali zao kwa fundi wa jirani. Ndulu aliichukia methali hiyo. Yeye alikwisha kuumbika zamani. Alichokosa ni wateja.

Alifika Kitengela mwaka 1993, akimfuata kaka yake aliyekuwa akichonga mawe machimboni. Alitafuta chumba miezi minne. Vyumba havikuwa haba, lakini kila mwenye ploti ya kupangisha alikuwa amejenga ngazi mlangoni ili maji ya mvua yasiingie. Mwishowe alipata chumba kimoja cha mbele, katika ploti ya familia iliyotoka Murang'a, ambacho kizingiti chake kililingana na ardhi kwa sababu mjenzi alikosea vipimo. Mvua ikinyesha, Ndulu alichota maji ndani kwa bakuli. Lakini aliingia na kutoka kwa kiti chake cha magurudumu bila kubebwa na mtu kama gunia la viazi, na chumba cha pili cha namna hiyo hakikuwepo mji mzima.

Jina lake lilikuwa la nyanya yake, mama wa baba, na nusura alipoteze. Miguu ilipolala, shangazi zake walikuja na shauri: jina la mama yao litolewe kwa huyu anayetambaa, liwekwe kwa msichana mwingine atakayezaliwa akiwa mzima. Nyanya alikuwa ajuza wa kutembelea fimbo. Alisimama mbele ya ukoo mzima akasema, "Jina langu limeshapata mtu. Mkimvua yeye, nivueni na mimi." Shangazi wakanywa uji wao wakaondoka. Ndulu alikisimulia kisa hiki kila alipopata msikilizaji, na kila mara alijiona mrefu.

Mwaka 1997 alijiunga na kikundi cha walemavu kilichoitwa Tuonekane. Kilikutana kila Jumamosi nyuma ya kanisa. Mwenyekiti wake alikuwa Munguti, mzee aliyepofushwa na baruti machimboni, ambaye hakuwa na subira na mtu yeyote, hasa wale waliomwonea huruma. Waliandika barua, wakabisha hodi kwenye ofisi za ghorofani ambazo nusu yao hawakuweza kuzipanda, wakafukuzwa, wakarudi. Na katikati ya hayo walizikana. Kitheka, aliyekuwa na kifafa, alifungiwa ndani siku ya wageni, akaangukia jiko. Dada wawili wa Kisaju walikufa kwa vidonda vya kulala pale pale miaka yote. Nayasema kwa ufupi kwa sababu nikiyasema kwa urefu utaufunga ukurasa huu, na wao walikwisha kufungiwa vya kutosha.

Sheria ya watu wenye ulemavu ilipopitishwa mwishoni mwa mwaka 2003, wanachama walicheza, kila mmoja kwa kiungo alichokuwa nacho. Munguti hakucheza.

"Sheria imekuja, na watu wetu ishirini na wanne wameenda," alisema. "Hiyo karatasi haifukui mtu. Ndulu, si wewe hushona blanketi za viraka? Tushonee moja ya hao."

Ni kweli, blanketi hizo ndizo zilizomlisha. Alizishona kwa mabaki ya viwanda vya nguo vya Athi River, vipande ambavyo wengine waliwashia moto. Lakini hii haikuwa ya mabaki. Kila marehemu alitakiwa awe na kiraka cha nguo yake mwenyewe, na juu yake jina, lililoshonwa kwa uzi mnene wa sufu hadi herufi zikainuka. Munguti alikuwa amesoma shule kabla ya baruti, na alitaka kuwasoma watu wake kwa kidole gumba. Kila Jumamosi alipitisha kidole kwenye safu zilizokamilika, na kufikia Novemba 2004 alizijua zote kwa moyo kama mtoto wa katekisimu.

Kiraka cha kumi na tano hakikuwa cha mwanachama; kililetwa na mwenye ploti, Waruguru, mjane wa miaka sitini ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Irungu. Aliingia chumbani kwa Ndulu, akafunga mlango, akafungua kifurushi cha gazeti. Ndani mlikuwa na kaptura ya khaki ya shule, ya mtoto wa miaka sita, bado na mikunjo ya dukani.

"Hii haijawahi kuvaliwa," alisema. "Andika Irungu."

Ndulu alishtuka. Irungu alikuwa mwanawe, mtu mzima, mwenye biashara ya kukodisha hema na viti, na asubuhi hiyo hiyo alikuwa amempungia mkono.

"Huyo mnajua ni wa pili," Waruguru alisema. "Wa kwanza alizaliwa sabini na tano. Tukampa jina ya baba ya mzee wangu, vile kwetu inafanywa. Ikafika miaka tatu, shingo haisimami, hasemi. Halafu huyu mwingine akazaliwa. Mzee akasema jina ya baba yake haiwezi kuwa inalala kwa stoo. Ikatolewa, ikapatiwa mdogo."

"Na huyo mkubwa mkamwita nani?"

"Tulimwita yule wa stoo." Alilainisha kaptura kwa kiganja. "Alifika miaka kumi na sita, kifua ikamchukua. Hii nilimnunulia nikifikiria labda siku moja. Watu wakiniita Mama Irungu, fundi, mimi huitikia yeye."

Ndulu alishona siku hiyo hiyo, herufi sita za sufu nyekundu. Hakuomba ruhusa ya mtu. Alimfikiria nyanya yake, akaona kwamba zamu ya kushika fimbo sasa ilikuwa yake, na kusema kweli alifurahi.

Furaha hiyo ilidumu siku kumi na moja. Ijumaa ya mwisho ya Novemba Irungu alikuja kutazama bati lililokuwa likivuja, akaikuta blanketi imetundikwa ukutani. Alisoma safu ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Ni nani amekufa?" aliuliza akicheka. "Umenizika, fundi?"

Ndulu angeweza kumdanganya, maana Murang'a haina Irungu mmoja. Lakini alimwambia yote, kwa sauti ile ile aliyozoea kusimulia habari za nyanya.

"Yule hakuwa na jina," Irungu alisema.

"Alikuwa nalo miaka mitatu. Ndilo hilo lako."

Irungu aliketi juu ya beseni lililopinduliwa. "Ni mimi nilikuwa nampelekea sahani," alisema. "Kila jioni, mpaka akakufa. Na hakuna mtu aliniambia." Uso wake ulilegea, na kwa kitambo Ndulu alidhani mambo yataisha vizuri. Kisha akasimama, akajipangusa suruali. "Hiyo jina iko kwa cheti changu cha ndoa. Iko kwa watoto wangu. Iko kwa hati ya hii ploti. Haiwezi kuwa hapo ukutani na ya wafu. Utaitoa, ama utoke wewe. Jumatano nakuja kuangalia."

Jumanne alikuja mama. Hakuketi. Macho yake yalikuwa yamevimba.

"Nipe wembe," alisema. "Niko na huyu mmoja tu amebaki."

Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kusema. Maneno Ndulu alikuwa nayo, ameyarudia tangu utotoni, na hakuhitaji hata kuyatunga. Lakini alitazama mlango. Alikumbuka ile miezi minne, zile ngazi, mikono ya vijana ikimshika kwapani na kumwinua huku wakitaniana juu ya uzito wake. Akafungua droo ya cherehani, akatoa wembe, akampa.

Waruguru alifumua herufi moja moja, polepole, asije akaikata khaki. Uzi mwekundu aliuzungusha kidoleni, kisha akaufunga kwenye pindo la leso, pale wanawake wanapofunga vitu vyao. Kiraka kikabaki kitupu.

Munguti alikuwa amekwenda Kajiado tangu Jumatatu kutayarisha uwanja wa kuonyeshea blanketi, na hakuna aliyemwambia. Binti yake alikuwa na simu. Namba Ndulu alikuwa nayo. Alichokosa ni uso wa kupiga.

Siku ilikuwa Ijumaa, tarehe tatu Desemba, siku ya walemavu duniani kote. Uwanja wa Kajiado ulikuwa na vumbi na jua kali. Hema na viti vilikuwa vya Irungu, na mama yake alikuwa amekuja naye kwenye lori la mizigo. Mgeni wa heshima alichelewa kwa saa tatu, akahutubu juu ya mambo ambayo serikali inayafikiria, akaondoka. Ndipo blanketi ilipoinuliwa kati ya nguzo mbili, na Munguti akapewa kipaza sauti.

Utaratibu walikuwa wameupanga kwa miezi. Munguti angeita jina, na ndugu wa marehemu angeitikia, "Alikuwepo." Asiye na ndugu angeitikiwa na Ndulu, katibu wa kikundi. Kufikia jina la kumi na nne alikuwa ameitikia mara tano, na sauti yake haikutetemeka hata mara moja.

Munguti alikuwa na kipaza sauti mkono mmoja na fimbo mkono wa pili. Hakuwa akigusa blanketi. Aliwaita kwa moyo.

"Irungu wa Waruguru," aliita.

Irungu alikuwa amesimama kwenye nguzo ya hema, ameshika kamba, anamtazama Ndulu. Waruguru alikuwa anatazama viatu vyake, mkono umekamata pindo la leso.

"Irungu wa Waruguru."

Mtoto mmoja alicheka, akanyamazishwa. Munguti aligeuza uso mpaka upande aliojua Ndulu amekaa.

"Irungu wa Waruguru. Ndulu?"

Ndulu alifungua mdomo. Neno lilikuwa moja tu, na alikuwa amelisema mara tano siku ile. Akaona aibu, akaona hofu, na hofu ikawa kubwa. Akafunga mdomo.

"Basi huyu hana mtu," Munguti alisema, na sauti yake ikaenda uwanja mzima. Akamwita wa kumi na sita.

Wakati wa chakula Waruguru alimfuata, akaushika mkono wake kwa mikono yote miwili.

"Asante, mwanangu," alisema. "Umetufunika." Alimaanisha hivyo kabisa, na Ndulu angependelea atukanwe. Mpakiaji mmoja wa viti aliita kutoka kwenye lori, "Mama Irungu! Tunaenda!" Yule mama aligeuka upesi.

"Naam!" aliitikia. "Nakuja!"

Jioni walikunja blanketi, Ndulu upande huu na Munguti upande ule. Kidole gumba cha mzee kilipita kwenye safu ya tatu, kikasimama.

"Hapa uzi hakuna," alisema. "Kuna mashimo tu."

Ndulu alimweleza, tangu bati lililovuja hadi wembe. Munguti alisikiliza huku kidole kikitembea juu ya matundu ya sindano, taratibu, herufi kwa herufi mpaka ya sita. Ndulu alingoja akemewe.

"Ile hadithi yako ya fimbo," mzee alisema. "Huyo nyanya alikuwa anaitwa nani?"

Munguti alikuwa ameisikia mara ishirini. Alijua.

"Ndulu," fundi alijibu.

"Eeh," Munguti alisema, akampa ncha yake ya blanketi wamalizie kukunja.

Ndulu alikaa katika chumba kile miaka mingine mitano, akiingia na kutoka mwenyewe. Lakini hadithi ya nyanya yake hakuisimulia tena.