Uzi wa Dirishani

Mtoto wa kaka yangu tunamwita Kengele, na si kwa sababu anapiga kengele ya kanisa. Ni kicheko chake. Akicheka humu katika chumba cha kushonea, muuza matunda wa ng'ambo ya barabara huacha wateja na kunyoosha shingo aone kuna nini. Aliletwa kwangu likizo moja akiwa na miaka kumi, eti anisaidie kupunguza nyuzi na kushona vifungo. Likizo ikaisha, yeye akabaki. Sasa ana ishirini na miwili na anashona kunishinda, jambo ambalo sijamwambia, maana sifa nyingi humharibu fundi.

Mimi sikuolewa. Nalisema mapema ili nisihukumiwe haraka kwa haya nitakayoyasimulia. Nyumba yangu ina vyumba viwili, vyerehani viwili, na Kengele.

Ilikuwa wiki ya kuelekea Pentekoste. Ndani ya droo yake, katikati ya vifungo, alikuwa na barua ya masista: wamemkubali kuanza malezi ya utawa, na wanasubiri jibu kabla ya Jumapili hiyo. Ilikuwa imekunjwa na kukunjuliwa mpaka imelegea kama kitambaa. Kutwa kucha swali lake lilikuwa moja: mtu anajuaje Mungu anataka nini? Alimwuliza katekista, akaambiwa asali. Alimwuliza paroko, paroko naye akamwuliza, "Wewe unafurahia nini?" Alirudi amenuna.

"Shangazi, mimi namwuliza mapenzi ya Mungu, yeye ananiuliza furaha yangu! Kwani nilikwenda kuchagua soda?"

Kwa Kengele, mapenzi ya Mungu yalikuwa dawa: isipokuwa chungu, haiponyi. Na kwa kuwa wazo la utawa lilimpa raha, aliliogopa. Alidhani anajidanganya, na kwamba huenda Mungu anataka abaki anitunze nikizeeka. Hapo nilimwunga mkono kwa nguvu zangu zote. "Usiache mbachao kwa msala upitao," nilimwambia, nikijua fika kwamba mbachao ni mimi.

Alhamisi alikaa kushona kasula nyekundu ambayo paroko angeivaa siku ya Pentekoste. Kengele ana mazoea ya kusali kwa kunong'ona kabla hajakanyaga cherehani, na minong'ono yake husikika mpaka jikoni. Nikamsikia: "Bwana, uzi huu usipokatika mpaka mwisho wa kasula, nitajua unaniita. Ukikatika, nabaki na shangazi." Kisha akatoka kwenda kunawa mikono.

Uzi wake ulikuwa mpya. Ungeshona kasula kumi bila kukatika.

Sijui kama ni shetani au ni mimi mwenyewe. Nadhani shetani siku hiyo alipumzika. Dirishani palikuwa na rili ya uzi mwekundu niliyoiweka kama pambo, miaka mingi, kwa kuwa nilipenda rangi yake. Fundi yeyote anajua kwamba uzi uliopigwa na jua namna hiyo ni mzima kwa macho tu. Nikavua tabaka la juu lililopauka, nikaichomeka kwenye cherehani mahali pa ule mpya, nikarudi kwenye vifungo vyangu na uso wa mtu anayesali rozari.

Ulikatika begani. Kengele akaulamba ncha, akautunga tena kwenye sindano. Ukakatika ubavuni. Akatunga. Mara ya tatu akauvuta kidogo kwa vidole, akautazama. Akaendelea. Nilimwona machozi yanamdondoka, nami moyo ukaanza kunisuta, lakini mdomo haukufunguka. Ulipokatika mara ya saba aliegemea kiti.

"Shangazi, mara saba."

"Basi Mungu amesema, mwanangu," nikajibu, bila hata kupepesa.

"Amesema kweli." Akajifuta macho. "Ulipokatika mara ya kwanza nilitaka kupiga kelele. Nikajiuliza, mbona silii kwa furaha kwamba nabaki? Nakupenda, lakini nataka kwenda. Sikujua kama nataka hivi. Paroko alikuwa ananiuliza jambo la maana, nami nikanuna."

Nikaona mambo yananiharibikia. "Lakini ishara..."

"Ishara gani, shangazi? Rili hii naipangusa vumbi kila Jumamosi!" Na hapo kengele ikapigwa. Alicheka mpaka akaishika meza.

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na urefu wa kasula moja. "Ulijua tangu lini?" nikamwuliza.

"Tangu mara ya tatu."

"Mbona ukaendelea kushona?"

"Nilitaka nione utavumilia mpaka lini."

Nikacheka nami, kwa aibu kwanza, kisha kwa raha tupu. Ikabidi tufumue kasula nzima, kwa sababu paroko hawezi kuinua mikono altareni akiwa amevaa uzi uliooza. Tulifumua Ijumaa kutwa, yeye bega la kulia, mimi la kushoto, na kila aliponitazama alianza upya kucheka. Muuza matunda alikuja mwenyewe kuuliza tumekula nini.

Jumamosi nilikwenda kuungama. Nilipofika kwenye habari ya rili, upande wa pili wa wavu nikasikia kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi. Malipizi yangu yalikuwa haya: nimshonee binti nguo zake zote za kuanzia utawani, kwa uzi mpya, bila kununa.

Jumapili kasula ilimkaa paroko vizuri mabegani, na jibu la Kengele lilikuwa limeshafika kwa masista. Aliimba misa nzima kwa sauti ya mtu aliyepewa alichokitaka bila kujua kama kinaruhusiwa. Nikamtazama, nikafurahi. Nilidhani nitahuzunika kwanza, ndipo furaha ifuate baadaye, lakini ilitangulia.

Nimeshona sketi tatu na blauzi nne nyeupe. Uzi haukukatika hata mara moja, ingawa kwenye pindo la mwisho, nakiri, niliuvuta kidogo nione.