Kibati Namba Kumi na Saba

Ghala la baridi lile lilikuwa na wafanyakazi arobaini na mmoja, na mwanamke aliyetunza vyumba vya barafu wote walimwita Kipupwe. Jina la kuzaliwa alikuwa nalo, lakini mtu ukikaa miaka kumi na minne kwenye vyumba vya barafu, ukirudi nyumbani kila unayemgusa anaruka, jina la kuzaliwa linabaki kwenye kitambulisho tu. Hata wifi yake, dada wa marehemu mumewe, aliyeishi naye na kushona nguo chumba cha mbele, alimwita hivyohivyo. "Kipupwe, usinishike shingo, utaniua na mishono ya watu sijamaliza!" Halafu anacheka mpaka cherehani inasimama.

Jumatatu moja Kipupwe alimpelekea meneja barua. Alikuwa amepata kazi hospitali, kutunza chumba cha baridi cha dawa, na hospitali walimtaka aje na barua ya utumishi inayosema ameondoka kwa utaratibu. Ndani ya barua yake aliandika kwamba anatoa notisi ya siku ishirini na nane kama mkataba unavyosema, na kwamba siku hizo atamfundisha atakayeshika nafasi yake. Kulikuwa na mambo pale hayajaandikwa popote. Mlango wa chumba cha tatu, kwa mfano, ukijifunga wewe uko ndani, kishikio chake kinakwama. Lazima ukiinue kwa bega kwanza, ndipo usukume. Alishawaambia mafundi mara tatu, wakaitikia vizuri na wasije.

Meneja alikuwa mgeni, hana hata miezi minne, na watu walikwisha kumbandika jina la Sasa Hivi, kwa sababu kila kitu alikitaka sasa hivi. Aliisoma barua amesimama.

"Mama, kama umetuchoka, ondoka sasa hivi. Sitaki mtu ambaye moyo wake uko kwingine."

"Bosi, siku ishirini na nane ni zangu na ni zako. Nipe nizifanye."

"Nimesema sasa hivi!"

Akamshika mkono, akauachia haraka kwa ule ubaridi, kisha akamtoa yeye mwenyewe kwa mlango wa wageni, ule wa vioo. Kesho yake akabandika tangazo kwamba Kipupwe ametoroka kazini. Jamani! Mtu unamfukuza kwa mkono wako, halafu unasema ametoroka. Mimi ningelia kwa hasira, na Kipupwe alilia.

Wifi ndiye aliyempeleka kwa afisa wa kazi, mwanamke mwembamba aliyesikiliza huku akichonga penseli. Alipomaliza kuchonga akasema, "Kukukataza kuingia anaweza. Kuzifuta siku zako hawezi. Siku za notisi alizozikataa zinahesabiwa kama umezifanya, na mshahara wake juu. Tarehe yako ya kuondoka ni ile uliyoandika wewe, siyo ile aliyokasirika yeye. Lakini usikae nyumbani. Nenda kila asubuhi saa moja, simama getini, sema uko tayari kufanya kazi. Akisema ulitoroka, tuwe na la kumwambia."

Basi akawa anakwenda. Meneja alikuwa ameamuru asijibiwe, wala asiangaliwe. Watu aliokula nao miaka yote wakawa wanapita pembeni yake wakitazama viatu vyao. Anasalimia, kimya. Siku ya nne akajikuta anapapasa uso wake mwenyewe kuona kama upo.

Mlinzi wa geti peke yake, mzee wa makamo ya baba yake, alimnong'oneza bila kugeuza kichwa. "Mwanangu, mbona unasimama nje? Wewe uko ndani."

"Ndani wapi, baba?"

"Kibati chako kiko ndani."

Hapo ndipo Kipupwe alipokumbuka. Karibu na mlango wa wafanyakazi kulikuwa na ubao wenye pande mbili, NDANI na NJE, na kila mtu na kibati chake chenye namba. Ukiingia unakihamishia ndani, ukitoka unakirudisha nje. Siku ile alitolewa kwa mlango wa wageni, hakupita ubaoni. Namba kumi na saba ilikuwa ikining'inia pale pale alipoiacha, na hakuna mkono wa mwingine uliokuwa na ruhusa kuigusa.

Sheria hiyo ilikuwa na chanzo chake, na chanzo chake Kipupwe alikijua kuliko wote. Miaka kumi na miwili nyuma kulikuwa na mpakiaji mmoja, baba wa watoto watatu, mtu wa mzaha, na yeye ndiye aliyembatiza jina hili. Akiwa tayari na makreti huita kwa sauti ya kuimba, "Kipupweee!" naye huitika, "Abee, kaka!" Jioni moja Kipupwe alipokuwa anatoka aliona kibati cha mpakiaji kiko ndani na mkoba wake haupo msumarini. Akadhani kaka kaondoka kasahau, kesho atagombezwa. Akakisogeza nje, kwa wema tu. Mlinzi wa zamani akatazama ubao, akaona wote wametoka, akafunga. Mpakiaji alikuwa chumba cha tatu. Mkoba alikuwa ameingia nao.

Tangu hapo kibati hakiguswi ila na mwenyewe. Na kikibaki ndani saa kumi na moja jioni, saa ya kufunga, mlinzi lazima azunguke vyumba vyote, agonge kila mlango mara tatu, aite jina, asubiri. Kwa hiyo kila jioni mzee yule, akijua fika kwamba Kipupwe yuko kwake, alikuwa akigonga milango ya barafu na kuita, "Kipupwe! Kipupwe!" Wapakiaji waliochelewa wakawa hawataki tena kuchelewa.

Ajabu yenyewe ilikuwa upande wa pili. Siku ya sita, Kipupwe yuko jikoni anakatakata vitunguu, akainua kichwa na kuitika, "Abee!"

Wifi akatoka na sindano mdomoni. "Unamwitikia nani?"

"Si umeniita?"

"Mimi? Mimi niko na mikunjo ya sketi ya watu. Nikuite nikuombe nini, vitunguu?"

Walicheka. Kesho yake akaitika tena, na keshokutwa. Wifi akatazama saa ya ukutani, ikawa kila mara ni saa kumi na moja kamili. Hapo wifi akaacha kucheka. "Sikia, wifi yangu. Mtu usiyemwona akikuita, funga mdomo. Huko kwetu sote tumekatazwa tangu tunatambaa."

"Linanitoka lenyewe," Kipupwe akasema, na machozi yakamlengalenga, maana ilikuwa kweli.

Siku ya kumi na nane hospitali walimpigia simu. Barua ya utumishi ifike Ijumaa, la sivyo watachukua mwingine. Afisa wa kazi naye akamwandikia meneja alete buku la mahudhurio kuthibitisha huo utoro. Meneja akaagiza buku kwa mbwembwe. Karani wa mahudhurio, mtu mwoga lakini mwandiko wake mzuri, akalifungua mbele yake. Kazi ya karani ni kunakili ubao, na ubao ulisema namba kumi na saba yupo. Akaandika yupo. Siku kumi na nane, yupo, yupo, yupo, kwa wino wa buluu.

Sasa Hivi akapanda kama moto wa taa ya mafuta. Akaenda ubaoni akitaka kukitoa kibati kwa mkono wake. Mzee mlinzi akasimama mbele ya ubao, na nyuma ya mzee wakasimama wapakiaji, wale wale waliokuwa wakitazama viatu.

"Mnamwogopa mwanamke ambaye yuko kwake anapika!" meneja akafoka. "Leo jioni nitaingia kila chumba mimi mwenyewe. Kisha nitaandika kwa mkono wangu kwamba hakuna mtu."

Na kweli akaingia, peke yake, na shati la mikono mifupi. Mlinzi alikuwa getini akiruhusu lori. Meneja hakuwa na kibati. Mameneja hupita mlango wa vioo.

Saa kumi na moja ya jioni hiyo Kipupwe alikuwa anakunja nguo. Safari hii aliyemwita hakuwa mtu mmoja. Alisikia sauti ya mzee, mbali sana, na chini yake sauti nyingine. Wifi akamwona anainuka, macho yako wazi lakini hayamwoni.

"Abee," Kipupwe akasema. Kisha akaanza kuzunguka chumba, ukuta hadi ukuta. "Usikae. Nakwambia usikae! Tembea. Hivyo hivyo, tembea." Pumzi yake ilikuwa inatoa moshi, ndani ya chumba ambacho wifi alikuwa anajipepea kwa joto. Wifi mkasi ukamdondoka.

Asubuhi mzee mlinzi hakumngojea getini. Alimfuata barabarani, akamshika mabega yote mawili.

"Mwanangu, jana niligonga chumba cha tatu kama kawaida yangu, hata masikio sijatega. Nikaita jina lako. Ukaitika. Abee, waziwazi. Miguu ilitaka kukimbia, mkono ukafungua mlango. Akaniangukia bosi, midomo imekuwa rangi ya jivu. Kibati chako kisingekuwa ndani, nisingegonga. Ningefunga, nikaenda zangu nyumbani, nikidhani bosi alishatoka kwa mlango wa vioo."

Meneja alikuwa ofisini amejifunika mablanketi mawili, kikombe kinagonga meno. Alipomwona Kipupwe alisimama. Kwa mara ya kwanza hakuwa na haraka.

"Mlango uligoma," akasema. "Nilikaa chini nilale kidogo. Kuna mtu akanikataza. Alinitembeza gizani, mama. Ilikuwa sauti yako, lakini..." Akatazama mlangoni kabla ya kumalizia. "Lakini walikuwa wawili. Mwingine alikuwa anacheka."

Kipupwe akashika meza.

Barua ilikuwa imeshaandikwa: ameondoka kwa notisi, kwa utaratibu, tarehe ile aliyoiandika mwenyewe. Tangazo la utoro lilikuwa vipande vipande kwenye kapu. "Chukua, mama. Nenda kapumzike. Siku zilizobaki nitakulipa, hata usije."

"Bosi, zimebaki tisa," Kipupwe akasema. "Nipe mtu nimwoneshe ule mlango."

Akapewa. Kwa siku tisa alimfundisha mwanamke mgeni namna ya kuinua kishikio kwa bega, mara mia, mpaka yule akalalamika bega limemvimba. Fundi naye akaja, safari hii bila kuitwa mara mbili. Siku ya ishirini na nane watu walijipanga hadi kwenye ubao, kila mmoja akimsalimia kana kwamba analipia zile asubuhi zote. Kipupwe akakishika kibati namba kumi na saba, akakitoa NDANI, akakitundika NJE kwa mkono wake mwenyewe. Mzee mlinzi akahesabu. Wote walikuwa wametoka. Hakukuwa na haja ya kuita jina la mtu yeyote.

Alifika nyumbani mapema. Wifi alikuwa amempikia, na barua ya hospitali ilikuwa mezani, kazi inaanza Jumatatu. Walikuwa wamekaa wanataniana kuhusu sare za hospitali, nani atazipunguza kiuno, saa ya ukutani ilipofika kumi na moja.

"Kipupweee!"

Ilikuwa sauti ya kuimba, ya mtu mwenye makreti tayari. Wifi akaacha kutafuna. Safari hii naye alisikia.

"Usiitike," akanong'ona. "Wifi yangu, nakuomba kwa jina la kaka yangu, marehemu mumeo, usiitike."

Kipupwe aliufumba mdomo, kisha akaufumbua.

"Abee, kaka," akasema huku akilia. "Ni mimi niliyekisogeza. Nilidhani umekwisha toka. Nisamehe. Mlango sasa hivi unafunguka, kishikio kiinue kwa bega tu. Toka, kaka. Toka uende kwa wanao."

Wakangoja. Nje mtu alipita na baiskeli, akapiga kengele. Hakuna aliyeita tena.

Wifi akamshika mkono ili amnyamazishe kilio, akashtuka, akaugeuza huku na huku, akautia shavuni mwake. Ulikuwa wa moto, kama mkono wa mtu mwingine yeyote.