Kompyuta ya Baba na Kopo la Mafuta ya Mgando

Tukuyu chuma hakizeeki, kinaoza. Mvua yetu haina adabu: inanyesha asubuhi, inakuacha ule chakula cha mchana, inarudi. Kufuli ulilonunua Januari linakuwa jekundu kabla ya Pasaka. Ndiyo maana nyumbani kwetu Ibighi kulikuwa na kopo la mafuta ya mgando ambalo halikuwa la kujipaka. Lilikaa dirishani, na kila Jumamosi baba alilishusha akapaka jembe, panga, bawaba za mlango, springi ya tochi, na cherehani ya marehemu mama ambayo hakuna aliyeishonea tangu tumzike. Sisi watoto watano kila mmoja alikuwa na kitambaa chake na chuma chake. Mimi, kitindamimba, nilipewa tochi. Nilijua kupaka springi ya tochi kabla sijajua kusoma.

Naanza na kopo hilo kwa sababu lilinikosesha kitu ambacho sitakipata tena, na aliyelishika ni mimi.

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mzaliwa wa Matwebe. Alipostaafu alinunua kompyuta ya mezani iliyokwisha kutumika ofisini kwa watu: skrini, kibodi pana yenye vitufe vya kubonyea kwa nguvu, na lile boksi zito ambalo sote tunaliita CPU. Alijifunza kuchapa kwa kidole kimoja. Baadaye mikono ilipoanza kutetemeka, kalamu ikamshinda kabisa, hata yeye mwenyewe hakuweza kusoma alichoandika. Lakini kitufe alikiweza. Aliinua kidole, akakisubiri kitulie, akabonyeza.

Mwaka ambao daktari alituambia kuwa moyo wa mzee umechoka na tusihesabu miezi mingi, baba alianza kuandika. Faili aliliita "Maneno kwa Wanangu". Haukuwa wosia, migomba na mashamba alikwishagawa zamani. Yalikuwa maneno tu, kila mtoto na yake, kuanzia kaka mkubwa hadi mimi. Na aliyaandika kama alivyozoea kutunga mitihani: kwanza akaweka vichwa vyote, majina yetu kwa kufuatana tulivyozaliwa, akaweka na sentensi ya mwisho kabisa, katikati akaacha nafasi. Kisha akarudi juu na kuanza kujaza. Darasani alikuwa na kauli yake: "Tazama nafasi niliyokuachia. Hiyo ndiyo inakwambia nataka jibu refu kiasi gani." Naijua vizuri, maana alinifundisha darasa la nne na hakunipendelea hata siku moja.

Tatizo lilikuwa mashine. Baba aliwasha, akaenda kuinjika chai, akarudi, bado. Akanywa chai. Ndipo faili likafunguka. Akibonyeza herufi, herufi inafikiria kwanza kama inataka kutokea. Yeye hakulalamika. Mimi ndiye niliyeumia. Ni katibu muhtasi katika ofisi moja kule Msasani, hapa hapa Tukuyu, nachapa huku naongea na simu, na subira sikujaliwa. Kumtazama mzee mgonjwa akiisubiri ile herufi kulinitia hasira kabisa.

Jumamosi moja nilimkuta amekaa mbele ya skrini, blanketi begani. Dada yangu, muuguzi aliyehamia nyumbani kumtunza, alikuwa anamenya ndizi jikoni.

"Ugonile, mama," baba akaniamkia. Mabinti wote alituita mama. "Nimemaliza ya kaka yako wa pili. Umebaki wewe tu."

"Basi usinianze leo, Baba. Nimekuletea RAM kutoka Mbeya. Ngoja niiongezee kumbukumbu hii mashine yako, ndipo uniandikie kwa raha."

"Mbona hii inanitosha?"

"Inakuchosha."

Akacheka. "Inakuchosha wewe."

Nisiwe mnafiki: nilitaka ya kwangu yawe marefu. Nilijua kaka zangu na dada zangu wamepata, na nilikuwa na wivu wa kitoto nikiwa mtu mzima wa miaka arobaini. Niliwaza kwamba mashine ikiwa nyepesi, mzee hatachoka mapema, na mimi nitapata zaidi. Haraka haraka haina baraka, tuliimbiwa tangu utotoni, lakini nani anakumbuka methali wakati ana bisibisi mkononi?

Nikafungua ubavu wa CPU. Ndani kulikuwa na vumbi la miaka na harufu ya unyevu, kama kabati la nguo za mitumba. RAM ni kibao chembamba, kirefu kama kidole na nusu, chenye meno ya rangi ya dhahabu upande mmoja. Kinasimama ndani ya mfereji wake kwenye ubao mkuu. Mifereji ilikuwa miwili, mmoja una RAM ya zamani, wa pili mtupu. Nikachomoa ya zamani nione kama inafanana na mpya. Zilifanana. Lakini meno ya ile ya zamani yalikuwa na madoa meusi, na mkono wangu ukafanya ulichofundishwa. Ukaenda dirishani. Nikapaka mafuta ya mgando meno ya RAM zote mbili, taratibu, pande zote, kama springi ya tochi. Nikazididimiza kwenye mifereji mpaka vibano vikalia.

Baba alikuwa ananitazama. "Ndaga, mama," akanishukuru kwa Kinyakyusa. "Ndaga fijo. Umefunzika." Mimi nikavimba kichwa.

Nikawasha. Feni ikazunguka, kisha CPU ikalia mara tatu, milio mirefu. Skrini nyeusi.

Nikazima, nikachomoa, nikarudisha. Milio mitatu. Nikaacha mpya peke yake. Milio mitatu. Nikaacha ya zamani peke yake, ile ile iliyofanya kazi asubuhi ile. Milio mitatu. Nikabadilisha mfereji, nikapaka mafuta tena nikidhani sikueneza vizuri, nikadidimiza zaidi. Dada akatoka jikoni na kisu mkononi kuuliza kinacholia vile ni nini. Nikamjibu vibaya. Baba akasema niache nile kwanza. Sikula.

Jumatatu niliibeba CPU hadi kwa fundi kompyuta mjini, nikaacha skrini na kibodi mezani. Fundi alikuwa mpole na hodari. Alisugua meno ya RAM kwa kifutio cha penseli, akazijaribu kwenye mashine nyingine dukani kwake, zote mbili zikafanya kazi. Akazirudisha kwenye ya baba. Milio mitatu. Akatoa betri ndogo ya ndani, akairudisha. Milio mitatu.

"Sista, RAM zako hazina kosa," akasema. "Mazabodi, huu ubao mkuu, ndiyo imezingua. Ulimwagia kitu? Maji, chai?"

"Sikumwagia kitu," nikasema. Na kweli sikumwaga. Mafuta hayakunijia hata akilini. Ungeniuliza kama nimeoga asubuhi ningekumbuka, lakini kupaka chuma mafuta, kwetu, si jambo la kukumbuka. Nilimweleza yote isipokuwa hilo.

Akaanza kutafuta mazabodi nyingine ya aina ile. Mashine ilikuwa ya zamani, haikupatikana Tukuyu, akaagiza Mbeya. Ikaja isiyofaa, ikarudishwa. Kesho sista, kesho kutwa sista. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu. Mvua ikinyesha.

Leo najua njia nyingi. Fundi aliniambia mapema kwamba mafaili yako salama, angeweza kuyahamishia mashine nyingine yoyote. Nikasema hapana, nataka ile ile ipone. Nilikuwa nimeiua mimi, nilitaka niirudishe ikiwa hai na kasi juu yake, nipate tena ile ndaga fijo. Nilijaribu kumletea baba laptopu ya ofisini. Vitufe vyake vimebanana, kidole chake kikawa kinabonyeza viwili kwa pamoja, na kibodi yake ya zamani mkia wake ni wa duara, haukuwa na pa kuingia. Dada akajitolea amwandikie kwa mkono, yeye aseme tu. Baba akakataa. "Maneno ya mtoto hayapiti kwa mtoto mwingine," akasema. "Nitayaandika mwenyewe. Mashine inakuja."

Kila nilipoingia aliuliza: "Imepona?" Nami nikasema: "Wiki hii, Baba." Hakunilaumu hata mara moja. Afadhali angenilaumu.

Dada ndiye aliyeniambia hili, na alinificha mpaka baada ya mazishi. Wiki ya mwisho alimkuta baba amekaa mezani mbele ya skrini iliyozimwa, kibodi mbele yake, waya unaning'inia. Anainua kidole, anakisubiri kitulie, anabonyeza. Dada akamuuliza, "Baba, unafanya nini na haiwaki?" Akamjibu, "Nayapanga ya mdogo wako, nisije nikayasahau."

Alifariki Alhamisi, mapema asubuhi. Simu ya dada ilinikuta njiani kwenda kazini, nikageuzia barabarani kwenye tope. Nilipofika majirani walikwishaanza kutoa vitu sebuleni ili waombolezaji wapate pa kuketi: makochi, kabati, meza ya baba. Niliona mtu amebeba kibodi kwapani, anauliza aiweke wapi. Nikamnyang'anya. Nikakaa nayo chini kwenye mkeka siku zile zote, na kwa kuwa nilikuwa nalia, watu waliniacha.

Tulipomaliza matanga, dada akasema twende tukachukue CPU, tutoe mafaili, kila mtu apate maneno yake. Fundi akanikabidhi, na RAM mbili ndani ya bahasha. Pole sana sista, akasema, mazabodi sikufanikiwa. Hakutaka hata asante.

Mchana ule jua lilitoka kidogo. Nikaiweka CPU mezani karibu na dirisha, nikafungua ubavu nitafute diski. Mwanga uliingia ukaangukia ile mifereji miwili. Ndani yake kulikuwa na kitu kinang'aa. Nikakigusa kwa kijiti cha kiberiti, kikatoka kijivu, laini, kimeshikana na vumbi. Nikainusa ile ncha ya kijiti. Kisha nikainua macho, na kopo lilikuwa pale pale dirishani, kifuniko chake kimekaa upande.

Fundi alisafisha meno ya RAM kila mara. Mifereji hakuisafisha, kwa nini aisafishe? Nani duniani hupaka mafuta ndani ya kompyuta? Kila RAM safi aliyoiingiza ilishuka ndani ya uchafu wangu.

Nilimwita dada. Nikamwonyesha kile kijiti. Yeye aliangalia kopo, akaniangalia mimi, akaenda kuleta spiriti na pamba. Tulisafisha kwa mswaki wa zamani na vijiti vya pamba, mimi na yeye, vichwa vimekaribiana. Kazi iliisha ndani ya saa moja. Wiki tatu nilizunguka nayo, na dawa yake ilikuwa kwenye mkoba wa kazi wa dada yangu.

Nikapachika RAM zote mbili. Nikawasha. Ikalia mara moja, mlio mfupi, skrini ikawaka. Dada akashika mdomo.

Faili lilifunguka pale pale, hata chai isingepata moto. Kaka mkubwa alikuwa na ukurasa mmoja, umejaa hadi mstari wa mwisho. Dada huyu niliyekuwa naye, mmoja na nusu. Wengine hivyo hivyo, mmoja, mmoja na kidogo. Nafasi aliyompimia kila mtu aliijaza yote. Dada alisoma ya kwake amesimama, akatoka nje.

Nikafika kwenye jina langu. Chini yake hapakuwa na kitu. Nilijua hivyo tangu mwanzo, lakini niliendelea kushuka, nikitafuta ile sentensi ya mwisho aliyoiweka siku ya kwanza kabisa, ili nione aliniachia nafasi kiasi gani. Ukurasa ukapita, mtupu. Wa pili, mtupu. Wa tatu. Wa nne. Chini ya ule wa nne ndipo nikaikuta: "Ni mimi baba yenu."

Kwa RAM mpya, kurasa nne tupu zinapita upesi sana.