Upande Wenye Gurudumu

Mume wangu alisimama mbele ya watu, kwenye njia panda ya kuteremkia mtoni, akasema kwamba mshale uliompeleka mdogo wake Mama Pacha kwenye maji ya kina niliuchora mimi kinyume, kwa sababu sikusoma. Alisema uongo. Mshale niliuchora sawasawa. Aliyekigeuza kibao ni yeye, na sababu yake anaijua.

Nimelitanguliza hilo kwa sababu watu wakimsikiliza mwanamke ambaye hakwenda shule husikiliza mwanzo tu, halafu macho yao yanaanza kutafuta pa kwenda.

Nilizaliwa katika nyumba yenye watoto wengi. Kaka zangu walipelekwa shule, mimi nikabaki nyumbani kuwabeba waliokuja nyuma yangu. Wakati ule sikulia, maana sikujua nilichokosa. Nikaolewa na kijana aliyekuwa akiandika majina ya maduka kwenye kuta na kuchora vibao. Mwanzoni nilikuwa nampelekea chakula tu kazini. Siku moja akaniachia brashi nijaze rangi ndani ya herufi alizokwisha kuzichora kwa penseli, yeye akaenda kumfuata mteja. Aliporudi alisimama akitazama, kichwa upande.

"Umetoka nje ya mstari wapi?" akaniuliza.

"Sijatoka."

Akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa rangi mbichi. Halafu akacheka. "Basi mama, umeshapata kazi."

Kweli niliipata. Herufi kwangu zilikuwa maumbo. Moja ni ngazi iliyobaki na kipago kimoja, nyingine ni yai, nyingine ni mtu aliyeshika kiuno. Niliandika kinyozi, niliandika duka la dawa, niliandika marufuku kukojoa hapa, mitaa na mitaa, na sikujua lipi ni lipi mpaka nichungulie mlangoni nione kinachouzwa. La kukojoa nilikuwa nalitambua kwa harufu.

Taratibu mume wangu akaacha brashi kabisa. Alichora kwa penseli, akavaa shati safi, akatoka kutafuta kazi nyingine. Mimi nilipiga msasa, nikapaka rangi ya chini, nikabandika utepe wa karatasi pembeni ili mstari usivuje, nikajaza. Watu wakampa jina, Mkono Mzuri. Mkono wenyewe waliokuwa wakiusifu ulikuwa nyuma ya banda unasugua sufuria. Sikumwonea wivu. Nilidhani jina la mume ni la nyumba nzima.

Kitu kimoja tu hakuniachia. Kazi ikikauka, alichukua brashi nyembamba kuliko zote, akajipinda, akaandika mwenyewe pembeni: Mkono Mzuri, na namba ya simu.

Sasa nije kwenye mto.

Kwetu, barabara kubwa ikikuleta, unaingia njia ya miguu katikati ya majani, unateremka mpaka njia inapogawanyika. Kushoto kuna ngazi za zege, unashuka polepole mpaka kwenye maji yasiyopita goti, na hapo ndipo watu wanapochota, wanapofua na kuoga. Kulia kuna kona. Hapo mto umekula udongo kwa chini, juu yakabaki majani mazuri ya kijani, yamenyooka kama zulia. Ukiyakanyaga, unakwenda nayo. Mwenyeji anajua. Mgeni hajui, na wageni walikwisha kuanguka pale kabla ya haya ninayoyasimulia.

Basi ofisi inayosimamia mto ikaamua kuweka vibao. Akaja Msimamizi wao bandani kwetu na michoro chini ya kwapa. Alitaka vibao vyote vifanane: urefu mmoja, rangi zilezile, mchoro wa mtu yuleyule. Buluu maana yake pita, nyekundu usipite, njano jihadhari. Maneno yasiwepo.

"Bila maneno hata moja?" mume wangu akauliza, kama mtu aliyeibiwa.

"Mto unatumiwa na wote, Fundi. Hata wasiosoma."

"Basi mmoja wao huyu hapa," mume wangu akasema, akaninyooshea kidole, wakacheka. Na mimi nilicheka. Sikuona ubaya. Nilikuwa nimeshaitazama ile michoro juu ya meza na nimeielewa yote.

Huwezi kujua lilivyo jambo hilo kama ulisoma. Maisha yangu yote nilipaka maneno ya watu wengine bila kujua yanasema nini. Vile vibao vya mto vilikuwa vya kwanza kuvipaka huku navisikia. Kibao cha mtu anayeshuka ngazi kinasema: shuka hapa. Kibao cha mtu anayetumbukia na mikono juu kinasema: hapa utakufa. Nilikuwa nikimaliza kimoja nakiegemeza ukutani na kukirudia kama mtu anayesoma barua yake mwenyewe.

Mama Pacha alipita bandani na mzigo wake wa mitumba kichwani. Yeye ndiye aliyekuwa rafiki yangu. Tuliazimana chumvi, tuliazimana viatu, tuliuguziana watoto. Akautua mzigo, akakitazama kile kibao cha ngazi.

"Mwenzangu, huyu mtu wako mbona hana nguo? Mlete kwangu nimvalishe."

"Anakwenda kuoga."

"Basi mwambie ageuke, ananitazama vibaya." Akacheka mpaka akajishika mbavu. Halafu akatulia, akaupitisha mkono hewani juu ya mshale bila kuugusa. "Umepaka wewe?"

"Mimi."

"Nitawaambia watu."

Kibao hicho cha ngazi na mshale ndicho cha njia panda, nacho kilikuwa na pande mbili, maana watu wanafika pale kwa njia mbili: wengine wanatoka barabarani, wengine wanatoka upande wa mashamba, wanakutana wakitazamana. Wote wanatakiwa kwenda kwenye ngazi. Kwa anayetoka barabarani, ngazi ziko kushoto. Kwa anayetoka mashambani, ziko kulia. Kwa hiyo upande mmoja wa kibao mshale unaangalia kushoto, na upande wa pili unaangalia kulia, na kibao kikisimama sawasawa mishale yote miwili inaonyesha ngazi zilezile. Ukikizungusha, yote miwili inaonyesha kona.

Nililijua hilo, na mume wangu alilijua pia, tuliliongea. Ili pasitokee kosa, nilichukua chaki nikachora gurudumu la gari kwenye ukingo, upande unaotakiwa kuangalia barabara. Hiyo ilikuwa desturi yetu bandani kwa kila kibao cha pande mbili. Gurudumu ni barabarani. Hakuna aliyepata kulikosea.

Lakini upande wa mashambani ndio uliotangulia kukauka, na mume wangu alikuwa na haraka, akatia sahihi upande huo. Mkono Mzuri, na namba ya simu. Upande wa barabara akauacha hivihivi. Asubuhi yake wakavipakia vibao kwenye mkokoteni, yeye na mwashi wa kumwaga zege, wakaenda kuvisimika. Mimi nilibaki namalizia vile vyekundu.

Baada ya hapo watu walipita pale na ndoo zao na hakuna aliyeona kitu. Mtu gani ataangalia kibao kimwonyeshe njia ya kwenda mto aliokulia? Mguu unakwenda wenyewe.

Mama Pacha alikuwa amelala, mgongo umemshika. Mdogo wake akaja kutoka kwao kumsaidia. Msichana mpole, mwenye aibu, anayeinama anaposalimia. Akaomba aelekezwe mtoni. Mama Pacha akamwambia kutoka kitandani, "Fuata kibao cha rafiki yangu, huwezi kupotea."

Waliiona ndoo yake juu ya majani pale kwenye kona, na ukingo umemeguka. Yeye mwenyewe wavushaji wa mitumbwi walimtoa chini kabisa, penye mawe.

Nilipopata habari nilikimbia na brashi mkononi. Nilifika njia panda nikitokea barabarani, nikainua macho, na kitu cha kwanza nilichokiona ni ile sahihi. Maneno siyasomi, lakini umbo la sahihi ya mume wangu ningelitambua gizani. Lilikuwa linaangalia barabara. Na mshale juu yake ulikuwa unaangalia kulia. Nikakaa chini palepale.

Msimamizi alikuja, watu wakakusanyika chini ya kibao kilekile. Aliuliza kazi hii ni ya nani. Mume wangu akanitazama kwanza. Nilidhani ananiomba nisogee nisimame karibu naye, anataka kusema jambo zito na anahitaji mtu wa kushikilia. Nikasogea. Ndipo akasema.

"Mimi nachora, Bwana Msimamizi, kupaka ni mke wangu. Huyu hakusoma. Nadhani alichanganya kushoto na kulia."

Mtu mmoja nyuma akasema, "Kumbe," kwa sauti ya chini, na likaenea kwa wote, kumbe, kumbe, kama jambo lililokuwa linangoja kusemwa.

Nikafungua mdomo. Msimamizi akainua kiganja. "Mama, subiri kidogo, zamu yako itafika." Akageuka kuzungumza na mwashi namna ya kuing'oa nguzo. Kisha akaingia kwenye gari. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza kusoma kunahusiana vipi na kibao kisicho na neno. Vibao vile viliwekwa kwa ajili yangu mimi na wenzangu wasiosoma. Leo kutosoma kwangu ndiko kumekuwa ushahidi.

Nyumbani nilimkuta anavua viatu.

"Kwa nini?" nikamuuliza.

"Ningesema ni mimi, wangeninyima kazi milele. Tungekula wapi? Wewe huna cha kupoteza."

"Nina jina langu."

"Jina?" Alivuta kamba ya kiatu mpaka ikakatika. "Hata kuliandika hujui."

Nilizichukua brashi zote nilizokuwa nimeziloweka kwenye mafuta ya taa, nikazimimina nje pamoja na mafuta yake, nikaziacha jua lizikaushe na rangi yake zigeuke vijiti. Nikafunga nguo zangu. Binti yetu alikuwa mlangoni. Ndiye anayeniandikia haya sasa. Kila nikimtaja baba yake anainamisha kichwa zaidi, lakini kalamu haijasimama.

Msibani nilikwenda. Wanawake walinipisha njia, si kwa heshima. Nilipiga magoti mbele ya Mama Pacha, nikamshika mikono. Hakuitoa, wala hakunishika.

"Ungesema tu hujui," akaniambia. "Mimi ningekuelewa. Nisingemwambia afuate."

"Niliuchora sawa, mwenzangu."

"Nenda nyumbani."

Nilikwenda kwa kaka yangu, ndiko ninakoishi. Wifi yangu ana mdomo mkali na moyo mzuri. Hunitania kwamba nimekuja na mdomo mmoja wa kula na mwingine wa kununa. Napaka nyumba za watu, kuta tupu, ndani na nje. Kuta hazina mshale.

Huko ndiko mwashi alikonifuata. Alisimama mlangoni amekunja kofia, akakataa kiti.

"Shemeji, siku ile nilimwambia. Nilimwambia, upande wenye gurudumu ndio wa barabarani, tusimike hivyo. Akasema, huko mashambani nani atanipigia simu, punda? Kizungushe, namba iangalie magari. Akalifuta gurudumu kwa kidole."

"Mbona hukusema pale?"

"Nasimika nguzo za ofisi, shemeji. Na yeye ndiye aliyeniingiza."

"Sasa umekuja kuniambia mimi ili iweje? Mimi si ninajua?"

Akasema alikuwa hapati usingizi. Nikamwambia aende akalale, sasa utamjia.

Kibao kilichorwa upya. Kazi hiyo alipewa mume wangu, na Msimamizi alimsifu mbele ya watu kwa kuwa mkweli. Nimekwenda kukitazama. Mshale uko sahihi, ila mistari imevuja, maana hakubandika utepe, na yule mtu wa kwenye ngazi ana mguu mmoja mnene kuliko mwingine. Mgeni ataelewa. Hilo ndilo la maana, na nimelisema ingawa linaniuma.

Mama Pacha hanidai na simdai. Ana haki ya kunichukia mpaka siku atakayosikia vingine, na hawezi kuvisikia kutoka kwangu. Mwashi anadaiwa kuyarudia yale aliyoyasema mlangoni kwa kaka yangu, ayaseme mtoni. Msimamizi anadaiwa ile zamu aliyoniambia niisubiri. Na mume wangu anadaiwa kusimama chini ya kibao, mbele ya watu walewale, na Mama Pacha awepo, aseme: mke wangu aliuchora sawa, nilikigeuza mimi ili simu yangu ionekane. Nimemtuma binti yake mara nyingi kumwambia. Anajibu kwamba mambo yameshapoa.