Njoki Katika Nyumba ya Mama

Jumamosi ile mimi na Njoki tulikuwa tunafua kwenye bomba la maji la landi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli pale Voi. Vumbi jekundu la Voi halitoki kwenye nguo nyeupe hata ufanyeje, na Njoki alikuwa anasugua shati la kanisani la mume wake kana kwamba limemkosea. Mwanawe, Muchiri, ambaye alikuwa bado hajatembea, alikaa ndani ya karai langu akipiga ukingo kwa kijiko. Tulikuwa tunacheka jambo ambalo silikumbuki tena. Nakumbuka kicheko tu.

Tulikuwa majirani wa ukuta mmoja. Mume wangu, Mwadime, kazi yake ilikuwa kugeuza njia za treni pale stesheni, ile ya Taveta na ile ya Mombasa. Gitau, mume wa Njoki, alikuwa karani wa mizigo. Wao Wakikuyu wa Nyeri, sisi Wadawida wa Chawia, kule milimani. Jumapili tulikaa benchi moja kanisani, na kwa kuwa mimi sikujua kusoma vizuri, Njoki alinishikia kitabu cha nyimbo na kunionyesha mstari kwa kidole. Nilipougua malaria hadi sijitambui, yeye ndiye aliyeninywesha uji na kufua mashuka yangu. Hakuwahi kunikumbusha.

Vita tulivisikia kwa mbali. Huko kwao watu wa msituni na serikali walikuwa wanauana, na kaka yangu wa pekee, Mwakio, alikuwa askari wa jeshi amepelekwa huko huko. Kila tulipoomba pamoja, Njoki alimtaja Mwakio kwa jina, ingawa hakuwa amemwona hata siku moja.

Kisha mchana mmoja malori yalisimama mbele ya stesheni.

Askari wa serikali wakawaamuru wanaume wote Wakikuyu watoke nje, wakishukiwa kuwasaidia watu wa msituni. Gitau alitoka kalamu ikiwa bado juu ya sikio.

Walikalishwa chini juani, mikono kichwani.

Njoki alikimbia na mtoto mgongoni. Askari mmoja akamzuia kwa kitako cha bunduki. Hakumpiga, alimsukuma tu. Gitau akamwona, akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayekwenda kazini na kurudi, "Mpe mtoto uji."

Malori yakaondoka kuelekea kambi ya kizuizini, huko nyikani kwenye njia ya Nairobi.

Nyumba ya Gitau ilitakiwa irudishwe mara moja, na tukaambiwa kwamba atakayemweka Mkikuyu kwake atafukuzwa kazi. Mwadime hakula jioni hiyo. Alikaa akichezea kijiko, mwishowe akasema, "Mpeleke kwa mama yako. Huku chini sitaweza kumlinda." Mimi na Njoki tukapanda lori lililokuwa limeshusha mboga stesheni likirudi Mwatate, na kutoka hapo tukapanda mlima kwa miguu, tukipokezana mtoto.

Mama alikuwa mjane, anaishi peke yake na mbuzi wake. Nilimweleza yote, pamoja na hatari yake, nisije nikamletea mzigo bila yeye kujua. Alisikiliza huku akimwangalia Muchiri.

"Wamekula?" akauliza.

Hayo ndiyo yalikuwa majibu yake.

Kila nilipopanda Chawia kuwaona niliwakuta wanabishana juu ya chungu. Mama alipika kimanga chetu, muhogo na maharagwe vikipondwa pamoja, naye Njoki akaponda viazi, mahindi na maharagwe kama wafanyavyo kwao. Kila mmoja alisema cha mwenzake ni chakula cha mgonjwa, na kila mmoja alikimaliza. Muchiri alijifunza kutembea akiwa ameshika kanga ya Mama. Alimwita bibi kwa Kidawida. Mama alizunguka majirani wote akiwaelezea jambo hilo.

Asubuhi moja mchungaji alipanda hadi kwa Mama pamoja na mjumbe wa chifu. Mwakio alikuwa amepigwa risasi msituni. Alikuwa ameshazikwa huko huko Nyeri.

Nilipofika, nyumba ilikuwa imejaa wanawake. Shangazi Mghoi, dada wa marehemu baba, hakupunguza sauti. "Watu wake wamemuua mtoto wetu, na yeye yuko jikoni anakula chakula chetu." Sikumlaumu, kwa maana hata moyoni mwangu neno hilo lilipata pa kukaa.

Njoki alikuwa amefunga mzigo wake. Mama akaingia jikoni, nami nikasimama mlangoni.

"Unakwenda wapi?"

"Mama, nitakaaje hapa? Utaniangaliaje?"

Mama alichukua ule mzigo, akaufungua, akatoa nguo moja moja na kuzirudisha kwenye kamba zilipokuwa. "Juzi nilikuwa na watoto watatu," akasema. "Leo ninao wawili. Unataka nibaki na mmoja?"

Kisha akakaa chini kwenye majivu na kulia, kwa mara ya kwanza tangu habari zifike. Njoki akamshika. Walilia hadi sikuweza kutofautisha sauti ya nani ni ipi.

Jumapili iliyofuata ilikuwa siku ya Meza ya Bwana. Wazee wa kanisa walikuwa wamemwambia mchungaji kwamba Njoki asikaribie. Nani ajuaye kama hakula kiapo cha watu wa msituni? Mchungaji wetu alikuwa mtu mwema lakini mwoga wa wazee, akatangaza kwamba yeyote ambaye mambo yake hayajajulikana abaki kwenye nafasi yake. Kila mtu alijua nani anasemwa.

Watu wakainuka, benchi baada ya benchi. Benchi letu lilipofikiwa, Mama hakusimama.

"Mama Mwakio," mchungaji akaita taratibu, "njoo."

"Niko hapa na mwanangu," Mama akasema. "Kama Bwana hamtaki yeye, mimi nitakula nini huko?"

Hakusema kwa ukali. Alikuwa amechoka. Mchungaji alitazama mkate mkononi mwake, akawatazama wazee, kisha akashuka ngazi na kuja hadi kwenye benchi letu. Alimpa Njoki kwanza. Tangu siku hiyo nimesikia mahubiri mengi juu ya upendo, mengine mazuri sana, lakini mimi nikisikia neno hilo naona viatu vya mchungaji vikija kati ya mabenchi.

Walikuja kumchukua Njoki wiki hiyo hiyo. Bado sikuwa nimerudi Voi.

Tulikuwa tunapukuchua maharagwe uani. Askari walitokea kwenye njia ya juu, na chifu akiwa nyuma.

"Yuko wapi Mkikuyu?"

Njoki akasimama mwenyewe.

Mama akasimama mbele yake. "Huyu hakumuua mtu. Aliyefiwa ni mimi, nami sina kesi naye."

"Si kesi, Mama," chifu akasema, akiangalia chini. "Ni amri. Wote wanarudishwa kwao."

Mmoja wa askari akamshika Njoki mkono. Muchiri akapiga kelele.

Hatukuwa na la kufanya.

Mama aliomba jambo moja tu, aruhusiwe kumsindikiza, na chifu akakubali. Tukashuka mlima pamoja. Tulipopita kwa Shangazi Mghoi, alitoka, akasimama kando ya njia. Nilidhani atasema neno. Alinyoosha mikono, akamchukua Muchiri, akamfunga mgongoni mwake na kumbeba mpaka Mwatate. Huko Njoki na mtoto wakapakiwa kwenye lori la kwenda kwenye treni. Mama alishika ubavu wa lori mpaka lilipoondoka.

Miaka ikapita bila habari. Hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ilipolegezwa na watu wakaruhusiwa kusafiri, Njoki alishuka Voi kwa treni ya asubuhi. Nilimpita stesheni bila kumtambua, hadi aliponiita. Alikuwa peke yake. Gitau alikuwa ameachiliwa, akasema, lakini kifua chake hakikuwa kizuri tena na hakuweza safari. Kuhusu Muchiri hakusema kitu, nami nikaogopa kuuliza.

Tulipanda Chawia siku hiyo hiyo. Mama alikuwa amezeeka, macho yamefifia. Akampapasa Njoki uso mzima kwa vidole.

"Nimemwona Mwakio," Njoki akasema.

Mama akamvuta akae karibu.

"Kaburi lake liko mjini Nyeri, pamoja na askari wenzake. Nilitafuta mpaka nikaliona jina. Nikipata nafasi ya kutoka kijijini, nalipalilia."

"Unamwambia nini ukifika?"

"Namwambia, 'Mama yako hajambo.'"

Mama alimshika mikono kwa muda mrefu. Kisha akauliza lile ambalo mimi sikuthubutu. "Na mjukuu wangu?"

Njoki alieleza kwa maneno machache. Walikuwa wamefungiwa ndani ya kijiji kilichozungushiwa handaki, hawaruhusiwi kwenda mashambani. Njaa iliingia, halafu surua. Watoto walizikwa pamoja, na mahali penyewe hapakuwekwa alama.

Jumapili iliyofuata mchungaji alisoma majina yote mawili kanisani, Mwakio na Muchiri, moja baada ya lingine, na hakuna mzee aliyepinga. Mama na Njoki walikaa wameshikana mikono. Kaka yangu aliuawa na upande mmoja wa vita hivyo, na mtoto yule akafa mikononi mwa upande wa pili. Upendo wao haukumrudisha hata mmoja. Nimeufikiria sana ukweli huo na sitaki kuupamba. Ila wanawake hao wawili, ambao vita vilikuwa vimewapa kila sababu ya kuchukiana, walitoka kanisani pamoja, mmoja akimwongoza mwenzake kwenye mawe, wakaenda nyumbani kupika.